Vespa ya Babu na Mapafu ya Mjukuu

(Mazungumzo na klabu ya afya ya skuli moja ya sekondari, Mjini Unguja. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na baadhi ya masuali ya wanafunzi.)



Mada niliyopewa ni "Afya Kazini". Nimeitazama mara mbili, nikaona nikianza na maneno hayo nusu yenu watakuwa wamelala kabla sijamaliza salamu, na nusu nyengine watasema kazi bado hatujaanza. Kwa hiyo leo nitazungumza habari ya vespa. Ndiyo, vespa. Mwalimu ameniruhusu, na kama hajaniruhusu basi nimeshaanza.

Sababu ni barua moja. Kijana wa kidato cha tatu ametuandikia kwamba babu yake amefariki na ameacha vespa ukumbini, imefunikwa gunia, haijawashwa kwa miaka mingi. Baba anataka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kijana ameomba apewe yeye aifufue, aipige rangi mpya, aitie taa na vioo vya kupendeza, na baba amekubali. Mama ndiye hataki. Anasema nyumbani kuna mtoto anayetambaa, na hiyo kazi ni ya moshi, vumbi na petroli. Kijana anauliza: mama ana haki?

Mama ana haki. Na kijana naye hana makosa. Leo nataka kuwatoa wote wawili washindi, maana nikisema tu "acheni jambo hilo, ni hatari", mtalifanya vilevile, ila mtalifanya kwa kujificha, chumbani, mlango umefungwa. Huko ndiko watu wanakoumia.

Kwanza tuiheshimu hiyo mashine yenyewe. Vespa ni neno la Kitaliani, maana yake nyigu, na ukiitazama kiuno chake na kuisikiliza sauti yake utakubali jina limepatikana. Kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuitengeneza mwaka 1946, mara tu baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kabla ya hapo walikuwa wakitengeneza ndege, na kiwanda chao cha Pontedera kilipigwa mabomu. Aliyeichora vespa, mhandisi Corradino D'Ascanio, alikuwa mtu wa ndege na helikopta, na pikipiki alikuwa hazipendi: chafu, nzito, cheni inakuharibia nguo, ukipata pancha umekwama. Basi akatengeneza kitu kisicho na cheni, chenye ngao mbele ya miguu, injini imefichwa pembeni nyuma, tairi la akiba linabebwa, na katikati pako wazi hata aliyevaa sketi anapanda bila ya taabu. Ndiyo maana naipenda. Mtu ambaye hakuridhika na kitu alikaa akafikiri kila kero moja moja.

Baadaye vespa zikatengenezwa India pia. Kampuni ya Bajaj ilizitengeneza kwa leseni ya Piaggio katika miaka ya 1960. Hiyo ndiyo Bajaj ambayo jina lake sisi leo tunaliita gari la magurudumu matatu. Kampuni ya LML ya Kanpur nayo ikatengeneza kuanzia miaka ya 1980. Hii ni habari njema kwa mwenye vespa ya babu, kwa sababu spea nyingi za Kihindi huingia kwenye vespa ya aina ya PX, ile iliyoanza kutoka mwaka 1977.

Na hapa petu, nani asiyeijua? Pita Malindi, pita Mkunazini, pita Kikwajuni. Vichochoro vya Mji Mkongwe gari haliingii, vespa inaingia. Usije ukadhani kufufua vyombo vya moto na kuvipamba ni jambo la watu wa Ulaya wenye pesa za kuchezea. Unguja kazi hii ni ya zamani. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 bidhaa za nje zilikuwa adimu, na fundi asiyeweza kutengeneza kipuri kwa mkono wake hakuwa fundi. Hizo gari za abiria zenye bodi ya mbao, zilizotupeleka mashamba na wazee wetu, zilikuwa malori ambayo maseremala wa hapa waliyajengea bodi mpya, mabenchi pembeni, paa la kupakia mikungu ya ndizi, kisha yakapigwa rangi. Kama huko si kubuni chombo chako mwenyewe, basi sijui ni nini. Hata Beit el Ajaib, kabla ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ilikuwa na gari la zamani, Ford Zephyr la Mzee Abeid Amani Karume. Watu walikuwa wakisimama kulitazama kuliko walivyotazama vitu vyengine vya thamani zaidi. Chombo kikuu kuu kina mvuto wake.

Haya, tuingie kazini.

Kitu cha kwanza si spana. Ni karatasi. Nambari ya bodi ya vespa imegongwa kwenye chuma, upande wa injini. Ondoa kifuniko cha kulia, futa uchafu, utaiona. PX ya cc 150 kwa mfano huanza na VLX1T. Linganisha na kadi ya babu. Kama hazilingani, au kadi hakuna, zungumzeni kwanza nyumbani na mamlaka ya leseni kabla hujatumia hata shilingi. Nimeona vijana wanamaliza kazi, chombo kinang'ara, halafu hakiwezi kutoka mlangoni.

La pili ni mahali, na hapa ndipo mama anapoanza kusikilizwa. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, na ua katikati ambamo wanaishi zaidi ya familia moja. Mtu anapika, mtu anafua, mtoto anatambaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaondoka, unashuka chini na kutambaa sakafuni kama maji usiyoyaona. Ukifungua tangi ukumbini, na jiko la mkaa liko uani hatua kadhaa kutoka hapo, mvuke ule unaweza kulifuata jiko, ukashika moto, na moto ukarudi ulipotoka. Petroli haihitaji joto la Unguja ili kutoa mvuke wa kuwaka. Hutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Na nyumba yenye boriti za miti ikiwaka kwenye kichochoro kisichopita gari la zimamoto, nyinyi mnajua zaidi kuliko mimi.

Kwa hiyo: tangi linatolewa na kumiminwa nje, mchana, pasipo jiko wala sigara. Kama huna mahali, zungumza na fundi wa gereji, Mwanakwerekwe au Amani au popote, umuombe pembe ya banda lake. Wengi watakubali ukiwafagilia na ukiwaamkia vizuri. Utajifunza mara mbili.

Na hiyo petroli uliyoimimina usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Narudia hili kwa sababu ndilo linalowapata watoto. Mtoto wa miaka 2 hasomi. Anaona chupa anayoijua, ana kiu, anakunywa. Thina ni hivyo hivyo, mafuta ya taa ni hivyo hivyo. Tia kwenye dumu lake, liandike, liweke juu penye kufuli.

Tukiwa hapo hapo kwenye petroli, iko tabia ya kuvuta mafuta kwa mdomo. Mpira unaingia tanginu, mtu ananyonya, anatema, anacheka. Petroli ni nyepesi mno. Inateleza kooni na kuingia kwenye mapafu kabla hujajua, na tone dogo tu linatosha kuyachoma mapafu kwa ndani, ukapata kikohozi, homa na kukosa pumzi saa kadhaa baadaye. Ikimtokea mwenzako au mtoto, usimtapishe! Wala usimpe maziwa au maji ya chumvi ili atapike. Akitapika, mafuta yanapita njia ile ile kwa mara ya pili na nafasi ya kuingia mapafuni inaongezeka. Mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko sawa. Vespa imewekewa bomba la mafuta lenye koki chini ya tangi. Chomoa mpira upande wa kabureta, fungua koki, mafuta yanashuka yenyewe. Kunyonya kwa nini?

Tangi lenye kutu ndani hutiwa kokoto ndogo safi au nati za zamani na maji ya sabuni, likatikiswa mpaka mikono ikachoka. Tangi lililotoboka ni habari nyengine. Usimpelekee fundi wa kuchomea ukamwambia "nimeshalikausha". Tangi tupu la petroli ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na hicho ndicho kinachoripuka. Mafundi wamekufa kwa matangi matupu. Nunua tangi jengine lililokwishatumika.

Sasa kutu. Sisi tunaishi na bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili inaleta chumvi, na masika inaleta maji. Kutu ya vespa haianzii unapoitazama. Inaanzia chini ya sakafu ya kuwekea miguu, kwenye mikunjo ambayo maji yanakaa hayatoki. Lala chini na tochi, gonga kwa bisibisi. Kikilia vizuri, chuma kipo. Kikizama, kuna kazi ya kukata na kuchomea, na hiyo muachie fundi mwenye miwani na mwenye kujua. Wewe simama mbali na usiutazame ule mwanga, hata kwa kuchungulia vidoleni. Macho yaliyochomwa na mwanga wa kuchomelea huanza kuuma usiku, kama yametiwa mchanga.

Baada ya kutu ni rangi ya zamani, na hapa naomba mnisikilize kuliko mahali pengine popote, maana ndipo ilipo habari ya yule mtoto anayetambaa.

Rangi za zamani, hasa nyekundu, manjano na za chungwa, na ile ya kwanza ya kuzuia kutu, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Siyo risasi ya bunduki, ingawa na ile hutengenezwa kwa madini hayo hayo. Huwezi kuijua kwa kutazama. Ukipiga msasa mkavu, rangi inageuka vumbi laini, inaelea, inatua kwenye mkeka, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mchele uliotandazwa kupepetwa. Mtu mzima akimeza kidogo, mwili unachukua sehemu ndogo. Mtoto mdogo huchukua mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutoka kiasi kile kile. Na mtoto ndiye anayetia vidole mdomoni. Risasi inakwenda kwenye ubongo unaokua. Haimfanyi alie, haimtoi upele. Inampunguzia uwezo wa kusoma, wa kutulia, wa kushika jambo, na ukija kugundua yuko darasa la 2 hawezi kusoma, hakuna atakayekumbuka vespa ya babu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Mama aliyekataa alikuwa anaogopa moshi. Jambo lenyewe ni kubwa kuliko alivyodhani.

Lakini lina dawa, na ni rahisi. Tumia msasa wa maji. Lowesha, piga msasa, futa kwa kitambaa kibichi, vumbi halielei. Fanya kazi nje, mbali na ua. Tandaza plastiki chini, ukimaliza ikunje na takataka zake ndani uitupe. Usifagie kavu. Vaa barakoa ya vumbi ile nene inayobana usoni, siyo leso iliyofungwa kama jambazi wa sinema. Kuwa na nguo za kazi moja tu, zinazobaki pale pale na kufuliwa peke yake. Oga na uoshe nywele kabla hujamshika mdogo wako. Usiichome rangi kwa moto ili itoke, maana hapo unaivuta kama hewa.

Breki sasa. Viatu vya breki vya miaka hiyo vingi vilitiwa asbesto, nyuzi nyuzi za jiwe ambazo ukizivuta hukaa mapafuni maisha yako yote. Ugonjwa wake haufiki kesho. Unakuja baada ya miaka 20, 30 au 40, na ukifika hauna tiba ya kuuondoa. Basi ukifungua ngoma ya breki ukakuta lile vumbi la kijivu, usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kama tunavyowaona mafundi wengi wanavyofanya. Nyunyizia maji ya sabuni, futa, tupa kitambaa ndani ya mfuko uliofungwa. Weka viatu vipya vilivyoandikwa kuwa havina asbesto.

Magurudumu. Ringi ya vespa ni nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa nati. Ziko nati zinazoshika gurudumu kwenye ngoma, na ziko zinazozishika nusu hizo mbili. Ukikosea ukafungua hizi za pili wakati tairi lina upepo, nusu moja inaruka kama sahani iliyorushwa na jini. Toa upepo wote kwanza, toa na kichwa cha valvu, ndiyo ufungue. Sentensi hiyo moja imeokoa vidole vingi na meno mengi.

Injini nitapita haraka, kwa sababu fundi wako atakufundisha vizuri zaidi yangu. Ikiwa imekwama, chomoa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, iache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa upole. Badilisha sili zilizokauka. Safisha kabureta. Oili ya gia ni kama mililita 250 za SAE 30. Kwa PX ya kawaida unachanganya oili ya injini na petroli kwa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kuna wanaoongeza "ili injini ishibe". Injini haishibi, inatapika: sehemu ya oili inatoka bila ya kuungua, ndio ule moshi wa buluu unaowaingia jirani.

Ekzosi iliyoziba masizi watu huichoma kwenye moto mpaka iwe nyekundu. Kumbukeni kwamba petroli yenye risasi iliuzwa kwetu kwa miaka mingi. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Vespa iliyotembea miaka ya 1980 na 1990 ina risasi hiyo ndani ya masizi yake. Ukiichoma uani, mnaivuta nyote. Nunua ekzosi mpya, si ghali kama mapafu.

Siku itakapowaka kwa mara ya kwanza, na itakapowaka mtapiga kelele nyumba nzima, iwe nje. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu yake yenyewe. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu anasikia kichwa kizito, usingizi, kichefuchefu, anakaa kitako apumzike kidogo, hainuki. Stoo iliyofungwa inatosha kwa dakika chache.

Kupulizia rangi mpya: maandalizi yote fanya wewe. Puti, msasa, rangi ya kwanza, tena msasa. Lakini kupulizia kwenyewe, hasa rangi za kuchanganya na hadena, mpe mtu mwenye chumba na vifaa. Hadena ina kemikali ambazo barakoa ya vumbi haizizuii, na mtu akizivuta anaweza kupata pumu ambayo itamrudia kila akinusa rangi maisha yake yote. Kama tayari una pumu, siku hiyo usiende hata kutazama. Najua inauma kukosa siku hiyo.

Kuhusu kuipamba, kila mtu na macho yake. Mimi binafsi napenda vespa yenye rangi yake ya kiwandani. Wengine wanataka vioo 10, stika, viti vya ngozi vyenye maua. Sawa, ni yenu. Ninapokataa ni pale mapambo yanapoondoa kitu cha maana: ekzosi iliyokatwa ili ipige kelele, taa ya nyuma iliyotiwa rangi nyeusi, usukani uliofupishwa. Kelele ile inaua masikio polepole, na ya kwanza kufa ni sauti nyembamba, zile ambazo mtu anakuita nazo kwa mbali.

Kisha unatoka barabarani. Leseni kwanza, na kofia ngumu kila safari, hata ya kwenda Darajani kununua mkate. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa 2008, ulionyesha kofia inapunguza vifo vya wapandaji kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Na mshikaki, watu watatu juu ya chombo kilichotengenezewa wawili, chenye vigurudumu vidogo namna ile na breki za zamani, mimi naona ni dhihaka kwa kazi yote uliyoifanya.

MASUALI

Mwanafunzi wa kidato cha pili: Mafundi wote wananawa mikono kwa petroli. Kama ni mbaya mbona hawafi?

Hawafi siku hiyo. Petroli inaondoa mafuta ya ngozi, ngozi inapasuka, na kemikali zake nyengine zinapita ngozini na kuingia mwilini. Moja inaitwa benzini, nayo inaweza kusababisha saratani ya damu. Halafu mtu huyo huyo anakwenda kula urojo kwa mkono. Chukua mafuta ya kupikia kidogo na sukari, sugua mpaka masizi yalegee, kisha sabuni na maji. Jaribuni, mtashangaa. Na oili chafu mkiitoa musiimwage chini. Maji tunayokunywa Unguja yanatoka ardhini, kwenye mwamba wa matumbawe wenye matundu. Ipelekeni gereji kwenye pipa.

Mwanafunzi, msichana, kidato cha nne: Na sisi je? Nikipanda vespa na buibui ni hatari?

Hatari si buibui, ni ncha yake inayoning'inia. Ikinasa kwenye gurudumu la nyuma inakuvuta chini ghafla. Kusanya, kalia, funga ushungi uingie ndani ya nguo, na kofia ngumu juu yake. Abiria anayekaa upande mmoja yuko hatarini zaidi, hana pa kushika vizuri. Na swali lako nimelipenda kwa sababu umesema "nikipanda". Ongeza na "nikiifungua". Spana haina jinsia.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu: Harufu ya thina mimi naiona nzuri. Kuna ubaya kunusa kidogo?

Ahsante kwa kusema wazi, maana wengi wanaficha. Ukiwa unafanya kazi ukasikia kichwa chepesi, kinakuzunguka, ujue ubongo wako umeanza kulewa. Toka nje upate hewa. Kunusa kwa makusudi, kitambaani au mfukoni, ni jambo jengine. Linaweza kuusimamisha moyo ghafla, hata mara ya kwanza, hata kwa kijana mzima anayecheza mpira. Na anayezoea, ubongo, figo na ini vinaharibika. Kama una rafiki ameingia huko, usimcheke na usimtangaze. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au njoo kwetu, hatuandiki majina.

Mwanafunzi wa kidato cha nne: Anko wangu ni fundi rangi. Kila jioni anakunywa maziwa, anasema yanasafisha kifua. Ni kweli?

Hili nilikuwa nalingojea, kila ninapokwenda linaulizwa. Maziwa yanashuka kwa njia ya chakula mpaka tumboni. Vumbi na mvuke wa rangi vimeingia kwa njia ya hewa mpaka mapafuni. Njia hizo zinaachana hapa kooni, na chini ya hapo hazikutani tena. Kwa hiyo hakuna tone la maziwa linalofika kifuani kwake kusafisha chochote. Mwache anywe, ni chakula. Lakini muulize kwa adabu, "Anko, kichujio cha barakoa yako umekibadilisha lini?" Akikwambia hana barakoa, hizo pesa za maziwa za wiki chache zinaweza kununua moja yenye vichujio vya mkaa, na kwa rangi ya hadena azungumze na mwenye gereji juu ya ile inayoleta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Na kama anakohoa usiku, au kifua kinambana siku za kazi kisha kinamlegea siku za mapumziko, mpeleke kwa daktari na amwambie daktari kazi anayoifanya. Wengi hawasemi kazi zao, na daktari hawezi kubahatisha.